Uzi wa Bluu Kwenye Kifungo cha Pili

Sehemu ya kumi na moja

Shati bado liko pale mezani, msomaji, na damu yake haijakauka.

Wiki nzima umekuwa ukijiuliza ni la nani. Yasmina naye alijiuliza, ila yeye hakupewa wiki. Alipewa pumzi moja tu, mtoto wake Uwera akiwa mgongoni, na Kapiteni Eustache akiwa amesimama mlangoni pa kibanda chake cha ushonaji pale Nyakabanda, koti la mvua likimchuruzika maji.

"Fundi," Kapiteni alisema. "Hii uzi iko yako?"

Kidole chake kilikuwa juu ya kifungo cha pili kutoka kola. Vifungo vingine vyote vilishonwa kwa uzi wa kijani wa jeshi. Hicho kimoja kilishonwa kwa uzi wa bluu.

Yasmina hakutazama kifungo. Alilivuta shati, akaligeuza haraka, akatafuta kwapa la kushoto. Mwezi uliopita alimtilia mume wake, Kaporali Usumani, kiraka mahali hapo, huku wakicheka kwamba jasho la Usumani lingetoboa hata turubai.

Kiraka hakikuwepo.

Si Usumani! Moyo ulimruka kwa furaha, na papo hapo akaona haya. Shati lilikuwa na tundu la risasi kifuani, na lilikuwa na mwenyewe. Ndani ya kola palikuwa na herufi H aliyoitarizi yeye. Habumugisha. Yule mrefu wa Gahanga aliyekuwa akija na viazi vitamu mfukoni, anamtafunia Uwera kidogo kidogo, anamlisha kama ndege.

"Amekufa?"

"Alikimbia. Nikamkuta kwenye daraja la Kimisagara. Nikampiga moja ya mguu, nikamuuliza majina. Akanitukania mama. Nikampiga ya pili." Kapiteni aliyasema hayo kama mtu anayeeleza alivyonunua sukari. "Sasa nakuuliza wewe."

Kwa wewe unayetufungua leo kwa mara ya kwanza, sikia. Ni Februari ya mwaka 1993. Vita vimewaka upya kule Byumba, wakimbizi wamejaa pembezoni mwa Kigali, na malori ya jeshi yanapanda kaskazini na watu hai, yanarudi na mablanketi yaliyofungwa kamba. Katika kombania ya Usumani kulikuwa na askari walioapa kimyakimya. Siku malori yakija kuwachukua, hawapandi. Wataketi chini uwanjani, bunduki zikiwa matopeni mbele yao, na hawatampiga mtu yeyote mpaka wakubwa warudi Arusha kwenye mazungumzo ya amani na wakubaliane.

Hawakuandika majina popote. Aliyeapa alileta shati lake kwa Yasmina, naye Yasmina akamshonea kifungo cha pili kwa uzi wa bluu. Kiapo kilikuwa na sharti moja kali: usiulize tuko wangapi, usiulize ni nani. Tazama kifungo, basi.

Na malori yalikuwa yanakuja leo. Saa sita mchana.

"Uzi ni uzi, Kapiteni," Yasmina alisema. "Bluu inauzwa duka lolote."

"Nani alikutuma ushone bluu?"

"Kijani kiliisha."

Kofi lilimfikia kabla hajafunga mdomo. Akayumba, akashika ukuta ili asimlalie mtoto. Kapiteni akamkamata mkono wa kulia, akaulaza juu ya bamba la cherehani, kidole cha shahada chini ya sindano. Kwa mkono wake mwingine akashika gurudumu.

"Majina."

"Sijui majina. Wallahi sijui."

Akazungusha.

Sindano ikashuka, ikapita kwenye ukucha, ikapita kwenye nyama, ikagonga chuma cha chini. Yasmina alisikia ule mgongano kwanza. Maumivu yakafuata, yakapanda mpaka kwenye meno. Mgongoni Uwera aliangua kilio, maana mtoto wa miezi minane husikia mwili wa mama yake kuliko wewe unavyousikia wako.

"Majina, mama. Una vidole tisa bado."

Gurudumu likazunguka tena. Sindano ikapanda, ikivuta uzi ndani ya kidole.

"Yewe! Kapiteni! Acha huyo mama! Hiyo uzi iko ya mimi!"

Wote wawili waligeuka. Ng'ambo ya kichochoro, mbele ya kibanda chake, alisimama Fundi Frederick, utepe wa kupimia shingoni, mikono kiunoni. Frederick huyu na Yasmina walikuwa hawajasalimiana tangu Krismasi, kwa ajili ya mteja mmoja wa suti.

"Ya wewe?" Kapiteni aliuliza.

"Sasa! Yeye ndiye alianza, sikatai. Lakini nani iko anashona mingi? Mimi! Askari wanakuja hapa kila siku: Fredi, nifanyie ile ya bluu. Wanasema mwenye iko na hiyo uzi, risasi inamupita pembeni. Nimeshona sitini na ngapi, sijui. Hata wakubwa nguo zao zinakuja kwangu. Uliza mtu yeyote hapa Nyakabanda, sha!"

Maskini Frederick. Alidhani anagombania jina la kazi yake.

Yasmina alisahau kidole. Sitini na ngapi?

Juzi Usumani alimnong'oneza wakiwa kitandani, "Mama Uwera, wewe unashona saa ngapi vyote hivyo? Uwanja mzima umekuwa bluu." Akacheka kwa raha. Naye Yasmina, ambaye alikuwa ameshona ishirini na sita tu, alidhani mume wake anamtania kwa kuwa amepata fundi mwingine wa siri. Mume alidhani mke ndiye aliyeshona vyote. Kiapo kilikataza kuuliza, basi hakuna aliyemuuliza mwenzake, hata juu ya mto mmoja!

"Sasa naelewa," Kapiteni alisema taratibu. "Jana Habumugisha alikunywa bia na askari wangu wa nyumbani, yule anayenipikia na kunifulia. Akaona kifungo cha huyo mpishi ni cha bluu. Akamwambia, kesho saa sita tunaketi, ndugu yangu, usiogope. Mpishi akaja kuniambia." Akacheka. "Kumbe mpishi wangu alikuwa anaogopa risasi tu."

Ndivyo alivyokufa mrefu wa Gahanga. Aliamini kifungo.

Na saa sita Usumani angeketi chini akiamini watu themanini na zaidi wanaketi naye. Wangeketi ishirini na tano. Watu ishirini na tano uwanjani ni kazi ya dakika moja kwa bunduki ya mkanda.

"Ingieni kwenye gari la jipu," Kapiteni aliamuru. "Nina mafundi wawili na vifungo vya aina mbili, vya waoga na vya wasaliti. Mtanichambulia."

* * *

Walikaa kiti cha nyuma, mbele ya askari mwenye bunduki. Yasmina alikuwa amejifunga kidole kwa kipande cha kitenge. Frederick alikuwa ameanza kuogopa, lakini mdomo wake haukujua.

"Mimi nimefanya nini, dada? Nimeshona vifungo tu. Na vifungo yangu haitoki, hata ukivuta na meno."

"Vyako!" Yasmina alifoka. Hasira ya miezi miwili na maumivu ya kidole vilimtoka pamoja. "Wewe huweki hata fundo, Fredi! Unapitisha uzi unakata, wiki moja kimening'inia. Mimi nazungusha mara tatu nafunga kwa ndani. Kifungo changu nakitambua kwa kidole nikiwa nimefumba macho!"

Kwenye kiti cha mbele Kapiteni Eustache aligeuka polepole.

"Kwa kidole?" aliuliza. "Umefumba macho?"

Yasmina aliuma ulimi mpaka akaonja damu. Ole wa fundi na sifa za kazi yake, msomaji! Sindano haikuweza kumtoa neno, Frederick alimtoa neno kwa ubishi wa vifungo.

* * *

Walipofika kambini mvua ilikuwa imekatika. Jua lilitoka kali, matope ya uwanjani yakawa yanafuka mvuke. Malori matano yalinguruma yakiwa tayari. Kombania nzima, watu mia na ishirini, ilikuwa imepangwa mistari mitatu. Nyuma yao, juu ya jipu lenye bunduki ya mkanda, alikaa Sajenti Kamanzi, mtu wa maneno machache. Mdogo wake alizikwa Byumba wiki mbili zilizopita, ndani ya turubai, na watu waliokuwa na haraka.

Lango la chuma lilifungwa nyuma yao.

"Wenye uzi wa bluu kwenye kifungo cha pili, hatua moja mbele!"

Usumani alitoka wa kwanza. Midomo yake ilikuwa imepauka kwa saumu, maana ilikuwa siku ya tatu ya Ramadhani. Alipomwona mke wake, mtoto mgongoni, kitenge chenye damu kidoleni, uso ulimbadilika. Miguu haikutikisika.

Kulia kwake buti likagonga matope. Na kushoto. Na mstari wa nyuma. Wakaendelea kutoka mpaka waliobaki nyuma wakaonekana wachache, kama meno ya mzee.

Usumani akatabasamu. Maskini wa Mungu, akatabasamu! Yasmina alitaka kumpigia kelele: si wetu hao, Baba Uwera, si wetu!

Kapiteni alimpigisha Frederick magoti matopeni, akamwekea bastola kisogoni.

"Huyu mama anajua kazi ya mkono wake," alitangaza. "Atapita. Atagusa kila kifungo kwa nyuma. Kikiwa chake atasema, changu. Jina moja ninalo tayari, Habumugisha aliniachia. Ukiliruka hilo, mama, nitajua umenidanganya, na huyu fundi mwenzako ubongo wake utaokotwa na kunguru."

"Mama Uwera," Frederick alisema kwa sauti nyembamba. "Ile suti, nilikosea. Mteja alikuwa wako."

Yasmina alianza kupita.

Kidole chake cha shahada cha kulia kilikuwa hakifai kitu, basi alitumia mkono wa kushoto. Anapenyeza vidole ndani ya shati, anagusa nyuma ya kifungo, ngozi ya mtu ikiwa moto na moyo ukidunda chini yake. Uzi laini, hauna fundo.

"Si changu."

Laini. "Si changu."

Wa tatu alikuwa na fundo. Mizunguko mitatu, kama punje ya ulezi. Mwenye shati alikuwa amefumba macho, kope zinacheza.

"Si changu," Yasmina alisema, akaendelea.

Kila aliposema hivyo alisubiri mlio nyuma yake. Haukuja. Ama Kapiteni hakuwa na jina lolote, ama jina lilikuwa mbele bado. Akapita kumi, akapita thelathini. Watu wengine walinuka sabuni, wengine woga. Mmoja alikuwa amejikojolea, na fundo lake lilikuwa la Yasmina, na hakuwa amerudi nyuma hata hatua.

Akafika kwa mume wake.

Alijua shati lile kabla ya kuligusa. Akapenyeza vidole. Fundo lile lile, na chini yake moyo ule ule aliolalia kila Usumani alipopewa ruhusa ya kulala nyumbani.

"Nitaje mimi," Usumani alinong'ona bila kuchezesha midomo. "Mimi peke yangu. Wengine waache."

Uwera alimwona baba yake. Akanyoosha mkono juu ya bega la mama, akashika kile kifungo cha bluu, akakivuta akicheka.

"Si changu," Yasmina alisema kwa sauti kubwa kuliko zote, akautoa mkono wa mtoto, akapita.

Alimaliza mistari yote. Hakumtaja hata mmoja.

"Hivi?" Kapiteni akatabasamu. Akafungua kizuizi cha usalama cha bastola kwa kidole gumba. "Umeruka mtu mmoja, mama."

Ni hapo tu Yasmina alipomtazama vizuri. Jua lilikuwa limemchoma, koti la mvua lilikuwa limetupwa kwenye jipu. Shati lake lilikuwa limefuliwa na kupigwa pasi na yule mpishi wa nyumbani, mpishi aliyekuwa akipeleka nguo za bwana wake kwa Frederick pamoja na zake.

Hata wakubwa nguo zao zinakuja kwangu!

"Ndiyo, Kapiteni," Yasmina alisema. "Nimeruka mmoja. Wewe."

Akanyoosha kile kidole chenye kitenge, kikimwelekea kifuani. Kifungo cha kwanza, kijani. Kifungo cha pili, bluu kama mbingu.

Watu mia na ishirini walitazama mahali pamoja.

"Ee! Kapiteni naye ameapa!" mtu alisema kutoka mstari wa nyuma.

"Karibu, Kapiteni! Keti!"

Kicheko kilipasuka. Kombania hiyo ilikuwa haijacheka tangu vita vianze upya, na sasa ilicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Kapiteni aliinamisha kichwa, akaona, akang'oa kifungo kwa nguvu. Kilitoka mara moja, bila ubishi.

"Niliwaambia hafungi fundo," Yasmina alisema.

Bastola ikalia.

Frederick alianguka ubavu, akashika paja, damu ikimtoka kati ya vidole. "Yewee! Mguu wa cherehani! Amenipiga mguu wa kukanyagia!"

Kicheko kilikatika kama kilivyoanza. Kapiteni alikuwa amekusudia kichwa, hasira ikampotosha shabaha.

"Pandeni malori!" alinguruma. "Sasa hivi! Asiyepanda ni maiti!"

Saa ilikuwa sita kamili.

Usumani alishusha bunduki begani, akailaza matopeni, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Kisha akaketi.

Wa kulia kwake akaketi. Yule aliyejikojolea akaketi. Mmoja hapa, mwingine kule, mpaka wakaisha. Yasmina hakuhitaji kuhesabu. Alijua ni ishirini na tano.

Wengine walibaki wamesimama, uzi wa bluu vifuani, wakitazamana.

Usumani aligeuza shingo kuangalia nyuma yake. Msomaji, natamani ungeuona uso ule usiusahau, na pia natamani usiuone kamwe. Mtu aliyekuwa na watu themanini sasa hivi, akaona amebaki na wachache tu.

"Hao tu?" Kapiteni alisema. "Hao tu!"

Akamwendea Usumani kwa hatua tatu. Buti likampata mdomoni. Meno mawili yalianguka matopeni. Usumani akayumba, akajirudisha, akaketi wima tena. Buti la pili likampata mbavu. Akaketi wima tena. Kapiteni akamwekea mdomo wa bastola katikati ya paji la uso.

"Simama upande lori."

"Hapana," Usumani alisema, damu ikimtoka na neno.

Yasmina alikuwa amepiga magoti akilifunga paja la Frederick kwa utepe wa kupimia. Aliinuka. Hakuwa na mpango wowote. Alikuwa na hasira tu, hasira ya mama aliyebeba mtoto mgongoni tangu asubuhi.

"Ninyi!" aliwapigia kelele waliosimama. "Ninyi wa Fredi! Mlienda kwake kutafuta nini? Mlitaka uzi uwakinge! Kwa sababu hamtaki kufa, na hakuna ubaya mtu asitake kufa! Sasa nawaambia mimi niliyeuanzisha, uzi ule haukingi hata mbu. Habumugisha alikuwa nao, risasi ikapita pembeni mwake hivi." Akajigonga kifua kwa ngumi. "Hawa walioketi ndio wanawakinga. Lori haliondoki tupu. Ketini!"

Hakuna aliyetikisika.

Kisha askari mmoja mfupi, mwenye kikohozi kibaya, akasema kama anayezungumza na buti zake, "Mimi iko na watoto watatu." Akakohoa. "Siendi." Akaketi.

"Na mimi."

"Nani anataka Byumba? Byumba kuna nini? Keti, sha, keti!"

Walianza kuanguka chini kama mahindi ya gunia lililopasuka. Bunduki zikilazwa, matope yakiruka. Hata wasiokuwa na uzi wowote, wale wachache wa nyuma, wakatazamana, wakaketi. Mtu anayeomba kukingwa na risasi ni mtu asiyetaka vita, na Yasmina alishangaa kwamba yeye, aliyeshika vifungo vyao vyote, hakuliona hilo mapema.

Watatu tu hawakuketi matopeni. Kapiteni, Yasmina, na mmoja zaidi juu ya jipu.

"Kamanzi!" alipaza sauti bila kuondoa bastola kwenye paji la Usumani. "Sajenti Kamanzi! Fagia hawa!"

Juu ya jipu, Kamanzi alivuta mkanda wa risasi, akaufunga mahali pake. Mlio wa chuma ulisikika uwanja mzima. Mdomo wa bunduki ukazunguka, ukapita juu ya vichwa, ukasimama.

"Fundi," Kamanzi akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kusikia sauti yake.

"Mimi hukunigusa, nilikuwa huku juu. Kifungo changu nacho ni bluu. Shati hili lilikuwa la mdogo wangu. Nilirudishiwa na vitu vyake." Aliikunjua kola kwa mkono mmoja. "Nataka kujua. Ni wewe ulimshonea, au huyo mwingine?"

Yasmina alimsogelea. Alipanda gurudumu la jipu, akapenyeza mkono wa kushoto ndani ya shati.

Uzi laini. Hauna fundo.

Mdogo wake hakuwahi kuapa kitu. Aliogopa tu, kama wote, akaenda kwa Frederick.

Yasmina alimtazama machoni. Nyuma yake alisikia Kapiteni akianza kuhesabu juu ya kichwa cha mume wake. Moja. Mbili.

"Ni mimi," alisema. "Fundo langu hili. Mdogo wako alikuwa wetu."

Kamanzi alifumba macho, akayafumbua. Bunduki ikalia.

Haikulia sana. Risasi tano, pengine sita. Yasmina alijitupa chini akiwa amemkumbatia Uwera, na alipoinua kichwa aliyelala matopeni hakuwa Usumani. Kapiteni Eustache alikuwa chali, mkono mmoja kifuani, mahali palipong'oka kifungo.

Ungedhani wangeshangilia. Hakuna aliyeshangilia.

"Nani amekuambia upige?" Usumani alisema, akisimama kwa shida, mdomo umevimba. "Tuliapa tusipige mtu! Mtu yeyote! Hata huyu!"

"Mimi sikuapa kitu," Kamanzi alijibu. "Mdogo wangu ndiye aliapa. Muulize mke wako."

Usumani akamgeukia mke wake. Yasmina hakuweza kumtazama. Uongo mmoja tu alioutamka, na mtu mzima alikuwa amelala matopeni kwa ajili yake. Mtu mbaya, ndiyo. Lakini kila alipotaka kufikiri ubaya wake, aliona jinsi mpishi alivyolipiga pasi lile shati.

Ndipo redio ya jeshi iliyokuwa ndani ya jipu la Kamanzi ikakoroma.

"Kapiteni Eustache, jibu. Kanali hapa. Nimesikia milio. Wamepanda?"

"Kapiteni Eustache, jibu. Niko karibu na lango na magari ya deraya. Wamepanda au nije niwapandishe?"

"Mwambie wamepanda," Kamanzi alinong'ona. "Tupate nusu saa. Tunaruka ukuta, kila mtu kwao."

"Na raia wa huko chini, Kimisagara?" Usumani akauliza, akijiketisha tena matopeni. "Wakituwinda nyumba kwa nyumba?"

Yasmina alichukua chombo cha kusemea cha redio. Alikibonyeza kwa kidole kilichotobolewa, maana ndicho kilichokuwa karibu, na maumivu yakamsafisha akili.

"Kapiteni amekufa," alisema. "Mimi ni Yasmina, fundi wa Nyakabanda. Watu wako wameketi chini, wote, bunduki ziko matopeni. Mmoja amepiga, ni kosa langu. Wengine hawataki kupiga mtu. Na wewe usiwapige, tafadhali, nina mtoto mgongoni."

Frederick akaacha kugumia ili asikie jibu.

Sauti iliporudi ilikuwa ya chini, kama ya mtu aliyeziba mdomo kwa kiganja.

"Mama. Usirudie hayo redioni. Nifungulie lango mimi peke yangu, kabla walioko nyuma yangu hawajaelewa." Ikasita. "Hata mimi kifungo changu cha pili ni cha bluu."

"Kanali?" Frederick alinong'ona, macho yamemtoka. "Mimi sijawahi kushonea kanali. Wewe?"

Yasmina aliwapitia kichwani ishirini na sita wake, mmoja mmoja, na aliyekufa. Hakukuwa na kanali.

Ama mahali fulani Kigali palikuwa na fundi wa tatu na kiapo kikubwa kuliko chao. Ama mtu yule alikuwa amesimulizwa habari za uzi na yule yule mpishi.

Lango la chuma likaanza kutetemeka kwa muungurumo wa injini. Redioni hakuna fundo la kugusa.

Alimfungua Uwera mgongoni. Akambusu utosini, akamweka mapajani mwa baba yake, pale pale matopeni, akamfunika jua kwa kitenge.

"Unakwenda wapi?" Usumani aliuliza.

"Kumgusa," Yasmina alisema, akaanza kutembea kuelekea langoni, mkono wa kushoto umetangulia.